Barua kwa Mungu, Nakala kwa Bikira Maria

Baba yangu alimwandikia Mungu kwa mashini. Sisemi kwa mafumbo. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wakati wanaume wengine wa mtaa wetu wa Kalemie wamekaa mbele ya chupa zao, yeye alivaa abakosi yake ya kazini, lile koti la enzi zile lisilotaka tai, akafuta meza, akaweka mashini ya kuandikia ambayo biro yake, yaani ofisi, ilikuwa imeitupa. Alipachika karatasi mbili na kaboni katikati, akaanza kugonga kwa vidole viwili. Sisi tulikatazwa kupiga kelele. Mungu alikuwa anaandikiwa.

Alikuwa karani katika biro moja karibu na bandari, na miaka ile ya Zaire karani alijua jambo ambalo wengine walilitafuta kwa taabu, yaani namna ya kuomba. Watu walimjia nyumbani na kuku, au na kifungu cha ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, waliokauka, ili awaandikie maombi yao: mmoja anataka kiwanja, mwingine likizo, mwingine nafasi ya mtoto shuleni. Baba aliwafundisha kwanza, hata kama hawakutaka kufundishwa. "Ombi si kilio," aliwaambia. "Ombi iko na kichwa, iko na obje, iko na heshima ya mwisho. Ukianza na kilio, shefu anageuza karatasi anaangalia dirisha."

Kisha siku moja katekista wetu akafundisha parokiani kwamba sala njema ina ngazi nne: kusifu, kushukuru, kutubu, na mwisho kabisa kuomba. Nilimtazama baba. Alitabasamu kama mtu aliyesikia siri yake ikitangazwa hadharani. Kumbe sala ilikuwa barua tu! Na Mungu alikuwa shefu wa biro, tena biro kubwa kuliko zote, na mtu haendi mbele ya shefu wa namna hiyo akibwabwaja.

Basi juu kulia aliandika Kalemie na tarehe. Kushoto aliweka jina lake, cheo chake, na anwani yetu, kana kwamba Mwenyezi angeweza kupotea njia akaenda kwa jirani. Chini yake ikaja obje, yaani jambo linaloombwa, kwa mfano: ombi la kwamba paa lisivuje upande wa jikoni. Halafu ile sentensi niliyoijua kwa moyo kabla ya kujua Baba Yetu: nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yako ya juu. Yote hayo kwa Kifaransa, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na baba aliamini huwezi kusema na mamlaka kwa lugha unayotumia kumwambia mkeo chumvi imezidi. Mwishoni kabisa aliandika nakala zinakwenda kwa nani. Bikira Maria alipata nakala siku zote. Mtakatifu wa vitu vilivyopotea alipata pale tu kitu kilipopotea, na hata hivyo kwa taarifa tu. "Huyu hana sahihi," baba alinieleza. Maana yake ni kwamba huko juu mtakatifu huyo alikuwa karani mwenzake.

Barua yenyewe aliichoma kwenye mbabula, lile jiko la makaa la mama, moshi ukapanda kwenda unakokwenda. Nakala ya kaboni aliitia katika jalada la kijani, ambalo yeye aliliita farde, akalifunga kwa uzi.

"Papa," nilimuuliza, "Mungu si anajua vyote? Sasa nakala ni ya nini?"

"Shefu anaweza kujua vyote," alisema bila kuinua macho, akigonga jalada kwa kidole, "lakini dosye bila karatasi haitembeaka."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilitaka kuamini na nilitaka kucheka, na mara nyingi kicheko ndicho kilichowahi.

Alikuwa pia na mihuri, ile ya mpira iliyochakaa ambayo biro ilikuwa imebadilisha. Ombi likijibiwa, alitoa nakala yake katika farde na kuipiga FAVORABLE. Likichelewa, EN ATTENTE. Na palikuwa na muhuri mmoja wenye mpini uliovunjika, CLASSÉ. Huo maana yake ni kwamba jambo limekwisha, karatasi inakwenda kabatini, na wewe usirudi tena kuuliza. Mama hakusoma Kifaransa sana, lakini neno hilo alilijua. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, baba aliomba nyumba ya wafanyakazi, akangoja miezi saba, na karatasi yake ikarudi na neno hilo juu yake kwa wino wa bluu. Alilala siku mbili ameelekeza uso ukutani. Mama alimnywesha uji kwa kijiko, mtu mzima mwenye ndevu. Na muhuri ule ule ulipozeeka, baba mwenyewe akauokota katika takataka za biro, akauleta nyumbani. Mpaka leo sielewi. Nadhani mtu hupenda kuishika kwa mkono wake fimbo iliyompiga.

Mama hakuwa na ngazi nne. Alisali akisonga bukari, ugali wetu, mwiko mkononi, jasho puani. "Mungu, hii unga haitoshe, wewe mwenyewe unaona." Basi. Hakungoja hata amina. Alifunika sufuria na kuita watu wale. Tukishiba alisema "unaona sasa," na sikujua kama alikuwa anamwambia Mungu au sisi.

Na ng'ambo ya uzio wetu wa matete aliishi mama mmoja wa kikundi cha sala, ambaye sala zake zilielekezwa kwa Mungu lakini zilitupwa kwetu. Alisimama asubuhi katikati ya bustani yake, mikono juu, sauti ya kuuza samaki: "Bwana wangu, uguse moyo ya wale wenye bata, ju bata wao wanamaliza sombe yangu!" Wenye bata tulikuwa sisi, na sombe ni majani yake ya muhogo. Mama alinyoosha mgongo, akajibu naye kwa sala: "Mungu, umusaidie huyu mama afunge lupango yake, iko na matundu tangu mwaka jana." Wakaendelea hivyo, Mungu akipeleka maneno huku na huku juu ya matete, mpaka baba akatoka na kamba kwenda kuwafunga bata. Ukiniuliza katika mtaa ule nani alijibiwa sala haraka, nitakuambia ni jirani. Jambo hilo lilipaswa kunifundisha kitu mapema.

Kisha mdogo wangu akaugua.

Alikuwa kitindamimba, wa miezi minane, aliyekuja wakati mama ameshagawa nguo za watoto kwa watu. Homa ilimshika Jumatatu. Hospitalini walimpa kile kilichokuwepo, tukarudi naye nyumbani. Jumanne baba hakungoja Jumamosi. Alikaa mezani asubuhi, akaandika, na chini ya obje akapiga mstari mwekundu. Jumatano akaandika rapeli, ukumbusho wa kwanza, na nakala zikaenda kwa watakatifu wote aliowakumbuka, hata yule asiye na sahihi. Jirani aliruka matete, hakuzunguka njia, akapiga magoti katika uwanja wetu na kupaza sauti mpaka sauti ikamwisha. Mama hakusema kitu kwa Mungu wala kwa mtu. Alimshika mtoto tu, akambadilisha bega moja hadi jingine. Alhamisi mchana, baba akiwa ananyoosha kaboni ili aanze rapeli ya pili, mama akasema, "Acha."

Mtoto alikuwa amekufa.

Nilimkasirikia Mungu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Hasira ya namna hiyo ni mbaya kwa sababu huna mlango wa kwenda kuugonga. Nikamkasirikia katekista, nikawakasirikia bata. Baba naye, watu walipokuja kutoa pole, aliwapokea mlangoni amenyooka katika abakosi yake, akamwambia kila mmoja maneno yale yale: "Uamuzi ya juu haina rufaa." Mama, aliyekaa chini na wanawake, aliinua uso akamtazama. Sikuupenda mtazamo ule.

Wiki tatu baadaye mama alitaka karatasi ya kuwashia mbabula. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikimenya mihogo. Nilimwona akifungua farde, pengine akitafuta kitu cha zamani, barua ya paa au ya jino lililokuwa likimuuma. Juu kabisa ilikuwa nakala ya ile Jumanne. Jina la mdogo wangu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, kama majina yanavyoandikwa katika barua za heshima. Na juu ya jina, kwa bluu, wino umekolea vizuri, mstari haukupinda hata kidogo: CLASSÉ.

Ningependa kusema alipiga kelele. Alirudisha karatasi mahali pake, akafunga uzi. Akafunga pia vitenge viwili na blanketi la mtoto katika bunda. "Baki, umupikie baba yako," aliniambia. "Mie naenda kwetu." Akateremka ufukweni zinakopakia boti za kusini, na kabla jua halijazama alikuwa Zongwe kwa wazazi wake.

Nadhani unajua baba alifanya nini. Aliandika. Obje: ombi la kurudishwa kwa mke. Jumamosi ya kwanza ukurasa mmoja, ya pili kurasa mbili. Rapeli ya kwanza, rapeli ya pili, rapeli ya tatu. Mtakatifu wa vitu vilivyopotea hakupata kupumzika. Mimi nilipika, na bukari yangu ilikuwa na mabonge ya kumvunja mtu jino. Baba aliyatafuna yote na kusema asante, na asante hiyo iliniudhi kuliko kama angenitupia sahani.

Kwetu kila mtu anajua namna ya kumrudisha mke aliyekwenda kwao. Mume anamfuata. Anabeba kuku, au mbuzi kama kosa ni zito, anaingia katika uwanja wa wakwe na kukaa pale wanapomwambia akae. Wanamwacha jua limchome kidogo. Kisha wanamsema, naye hajitetei. Akisemwa vya kutosha, wanampa chakula, na akipewa chakula anajua mlango umefunguka. Hakuna aliyewahi kuandika utaratibu huo popote, na labda ndiyo sababu baba hakuuamini.

Jirani alimkumbusha kwa njia yake. "Mungu Baba," alipaza sauti siku moja, baba akiwa katikati ya rapeli ya nne, "umuone huyu papa anakuchokesha na mabarua, na boti za Zongwe zinaondoka kila siku! Wewe njo ulioa huyu mama?" Nikaziba mdomo kwa mikono miwili: kumuuliza Mungu kama ndiye aliyemwoa mama! Baba aligonga mashini kwa nguvu zaidi.

"Papa, twende Zongwe," nikamwambia jioni ile.

"Siwezi kwenda bila jibu."

"Jibu ya nani?"

Alichukua bonge la bukari, akalizungusha katika vidole. "Nikifika pale bila jibu," alisema, "nitasema nini?"

Wakati ule nilisema moyoni kwamba ni kiburi. Sasa najua ilikuwa woga. Mtu aliyewaandikia watu wa mtaa mzima maombi yao hakuwa na sentensi hata moja ya kumwambia mke wake. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa nimechoka kupika, na nilimtaka mama yangu. Mungu alikuwa amenyamaza miezi miwili. Ijumaa, baba akiwa kazini, nikaamua kumjibia.

Nilifuta meza kwa kitambaa, maana adabu ni adabu. Juu kulia nikaandika Mbinguni, na tarehe. Kwa Kifaransa changu cha shule nikaandika: "Sitwayeni," kwa sababu enzi zile hakuna aliyeitwa bwana, hata barua ya deni ilikuita sitwayeni, raia, na sikuona kwa nini Mungu avunje sheria ya nchi. "Barua zako zote zimefika. Shauri la mke wako haliko katika biro hii. Uende Zongwe wewe mwenyewe na kuku wawili. Usituandikie tena juu ya jambo hilo." Nikafika kwenye sahihi. Kuandika jina lake niliona ni dhambi kubwa mno. Nikachora mviringo mmoja mkubwa na mkia mrefu usiosomeka, kama wanavyofanya mashefu, nikapiga muhuri wa FAVORABLE pembeni. Kisha nikapiga magoti kumwomba Mungu anisamehe kwa kumsainia, na nikiwa bado magotini nikamwambia kwamba angejibu mwenyewe nisingefika huko. Barua nikaisukuma chini ya miguu ya sanamu ya Bikira Maria kwenye rafu.

Baba aliiona Jumamosi alipokwenda kufuta vumbi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akachukua kalamu nyekundu.

"Mungu hakuacha marji," alisema, akipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi usio na nafasi.

Nilijua anajua kwamba niko pale, na nilingoja kofi. Alisahihisha mahali pawili au patatu, akachukua muhuri wa REÇU, ule wa barua zilizopokelewa, akaupiga juu ya karatasi taratibu, akaitia katika farde.

"Kuku wawili," alisema tena, bado amenipa mgongo. "Hakusema mbuzi?"

"Kuku, Papa."

"Basi, anajua mushahara yangu." Akaenda kunyoa ndevu.

Jumapili tulipanda boti baada ya misa ya kwanza, baba katika abakosi yake, kuku wamefungwa miguu, na mkobani mwake ile farde ya kijani. Nilipoiona nilitaka kuitupa majini. Tulifika Zongwe jua liko juu. Babu, baba yake mama, alikuwa anapepeta karanga uwanjani. Alituona tangu tukiwa mbali kwenye mchanga, akaendelea kupepeta. Baba akasalimia, babu akaitikia, akamwonyesha kwa kidevu kigoda kifupi katikati ya jua. Baba akakaa, magoti yakamfika kifuani, mkoba juu ya magoti.

Mimi nilipeleka kuku jikoni. Bibi alikuwa huko, kwa sababu kwetu mama mkwe hakai na mkwewe mahali pamoja. Atamsikia kupitia mlango, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mama alikuwa anatwanga sombe. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza. "Umekonda," alisema. Nikalia. Hakuuliza nimekuja na nani. Alirudi kwenye kinu na kutwanga kwa nguvu ambayo majani yale hayakuihitaji.

Babu hakumsema baba. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alipepeta karanga zote, akazitia katika kikapu, akazungumza na mpita njia juu ya boti fulani, akakohoa. Kivuli cha nyumba kikasogea mpaka kikakaribia kigoda. Ndipo akaita chakula. Bibi alikipakua, mimi nikakitoa: bukari, samaki kuhe mzima wa mchuzi, sombe. Baba akaanza kupumua, kwa kuwa aliujua utaratibu, chakula ni mlango. Babu akanawa mikono, kisha akasema:

"Mugeni atuombee. Tunasikia uko fundi."

Baba akafungua mkoba. Nilijua, nilijua tangu botini! Akatoa karatasi, akaikunjua, akakohoa, akaanza kwa Kifaransa: nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yako ya juu.

Kinu kikanyamaza. Sauti ya mama ikatoka jikoni, wala hakuipandisha. "Papa," alimwambia babu, "kama ni ile karatasi yake, mutoe chakula."

Babu akaweka mkono kwenye ukingo wa sahani ya bukari.

Baba aliikunja karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa haikunjiki tena. Nilidhani atasimama na kurudi kwenye boti. Nilimwona akitazama njia ya ufukweni. Samaki alikuwa anapoa, inzi wakaanza kushuka, na hakuna aliyewafukuza. Aliweka mikono juu ya magoti, viganja chini, akafumba macho, na alipofungua mdomo ilitoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, ya Kiswahili chetu cha nyumbani.

"Mungu," alisema. "Mie njo huyu."

Kisha akaendelea kwa sauti ile ile.

"Niliandika muzuri. Wewe unajua niliandika muzuri, sikuacha kitu. Nilikusifu, nilikushukuru. Alikuwa na meno mbili. Ya tatu ilikuwa inakuya, mama yake alinionyesha, nilitia kidole nikaisikia. Ulikuwa unataka nini tena? Kama kuna pahali nilikosea, uniambie pale. Watu wabaya wanakuomba mambo ya bure unawapa. Mie nilikuomba ile moja."

Babu alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi, kando yangu mlangoni pa jiko, alikuwa ameshika mdomo.

"Ile kashe, ile muhuri ya CLASSÉ," baba akaendelea, "niliipiga ju mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi. Kupiga kashe njo kazi moja tu najua kufanya bila kulia. Nilifikiri nikipiga, itaisha. Haikuisha. Niko na kasirani na wewe mpaka leo. Niliogopa kukuambia, njo maana nilikuwa nakuandikia."

Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola ya abakosi, na hakuyafuta. Akavuta pumzi kutaja jina la mtoto. Hakuna aliyelitaja jina hilo tangu makaburini. Nyumbani tulilizunguka kama shimo. Akatoa mwanzo wake tu, sauti ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika pale pale.

Babu, nadhani kwa huruma, na kidogo kwa njaa, akasema, "Amina."

Mikono ikaanza kunyooshwa kwenye sahani.

"Bado, Papa," mama akasema. "Hajamaliza."

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ya kijani kwa sombe. Akavuka uwanja, akakaa chini kwenye mchanga karibu na kigoda cha baba, bega lake kwenye goti la baba. Akalitaja jina la mtoto lote, kwa sauti, kama anavyomwita mtu aliye nje aje ndani. Kisha akaendelea na sala pale baba alipokwama.